Mkanda wa Taimingi: Ubadilishwe Lini kwa Magari ya Barabara Yetu

Mada kwa semina ya wamiliki, madereva na mafundi wa magari, Kilwa Masoko



Nimekuja na mkanda. Naomba upite meza kwa meza, kila mmoja aushike. Ulitoka kwenye Hiace ya injini ya 3L iliyozimika alfajiri kati ya daraja la Matandu na Somanga, ikiwa imejaa abiria wanaowahi Dar. Nilikuwa mmoja wao. Hapakuwa na mlio wa kututahadharisha. Tulisikia "tak" moja, kisha gari likaserereka kimya hadi pembeni. Dereva alipopiga stata, injini ilizunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Mafundi mliomo humu mnaujua wepesi huo, na mnajua bili inayoufuata.

Utazameni vizuri. Mgongo wake bado una rangi nzuri, mtu angeweza kuapa kuwa ni mzima. Ugeuzeni ndani: meno yamenyofoka mfululizo sehemu moja, na nyuzi zimejitokeza kama ukingo wa mkeka uliochakaa. Ndiyo maana neno langu leo ni moja tu: mkanda huu hubadilishwa kwa daftari. Sikio halitakusaidia.

Kwenye dizeli tunazoziendesha, mkanda unaunganisha kranki, kamshafti na pampu ya dizeli. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki inazunguka mara 50 ndani ya sekunde moja, na kila pistoni inapofika juu kukandamiza hewa, valvu zake ziwe zimeshafunga. Dizeli inawaka bila plagi kwa sababu hewa inabanwa kwenye nafasi finyu mno. Nafasi hiyo haina pa kuiweka valvu iliyo wazi. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama, valvu zilizokuwa wazi zinabaki hivyo hivyo, na pistoni inazigonga. Zinapinda, na pengine kamshafti yenyewe inavunjika. Hapo hedi inashuka na kupelekwa kwa mwenye mashine, ambaye kwa wengi wetu yuko Dar es Salaam, takribani kilomita 300 kutoka Nangurukuru. Jumlisha gari la kuvuta, nauli za kurudishia abiria, na wiki ambazo gari limelala juu ya mawe. Ukiweka bei ya mkanda na tenshena kando ya hesabu hiyo, utaona aibu kwa kuuahirisha.

Sasa kuna msemo unaotembea stendi zetu: "Ukikatika unaweka mwingine, unaondoka." Sisemi ni uongo. Ni kweli ya gari jingine. Noah za zamani na RAV4 za mwanzo, zenye injini ya petroli ya 3S-FE, zimeundwa hivi kwamba valvu na pistoni hazifikiani hata mkanda ukikatika. Aliyewahi kukatikiwa na gari la aina hiyo, akaweka mkanda mpya akaondoka, akahamia kwenye Hiace ya dizeli na imani ile ile. Nimekutana na watu wawili walioipoteza injini kwa msemo huu, na wote wawili walikuwa madereva wazuri.

Kwanza basi, jua gari lako lina nini. IST na Probox za injini ya 1NZ zina cheni, na Hiace ya petroli ya 1TR pia. Wenye hizo wabadilishe oili kwa wakati, maana cheni inaishi kwa oili. Wenye kirikuu wasome namba ya injini: F6A ina mkanda, K6A ina cheni. Hiace za 2L, 3L na 5L, na 1HZ iliyomo kwenye mkonga na kwenye Coaster nyingi, zote ni za mkanda, na kipimo cha Toyota kinachofahamika kwazo ni kilomita 100,000. Kwa 1KD kinafika 150,000.

Tufanye hesabu ya huku kwetu. Gari la abiria linalotembea kilomita 300 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, linamaliza kilomita 7,800 kila mwezi. Ndani ya miezi 13 limepita 100,000. Wangapi humu wana Hiace iliyokaa barabarani miaka mitatu na mkanda ule ule? Kwa upande wa pili, gari la nyumbani linalokwenda kilomita 30 kwa siku lingehitaji miaka tisa kufika hapo. Mpira hausubiri miaka tisa katika joto la injini. Unakakamaa na kupasuka kwenye mizizi ya meno, gari litembee au lilale.

Kuna na hili ambalo mita hailioni. Coaster inayosubiri abiria huku injini inaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, mkanda wake unafanya kazi na kilomita zimesimama. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwa dizeli za abiria na zinazobeba ufuta na korosho ni kilomita 80,000, na kwa gari lisilotembea sana ni miaka mitano. Kipimo hiki ni changu, nimekipata kwa kufungua makava, na nitakitetea mbele ya fundi yeyote.

Madereva wengi wanategemea taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Kwenye magari ya zamani taa hiyo inafuata mita ya kilomita, basi. Kebo ya spidomita ikikatika, mita inalala na taa nayo inalala. Tena wapo wauzaji wanaochomoa balbu. Jaribio lake ni jepesi: fungua switchi bila kuwasha injini. Taa ya T-BELT iwake pamoja na zenzake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, usiihesabu kuwa ipo.

Gari likiwa jipya kwako kutoka Japani, inua boneti utafute stika karibu na kava la mkanda. Mafundi wa kule huandika kilomita na tarehe ya kubadilisha. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya enzi zao: Heisei 18 ni 2006, Reiwa 1 ni 2019. Namba za kilomita utazisoma mwenyewe. Usipoikuta stika wala kumbukumbu yoyote, badilisha kabla ya safari ya kwanza. Injini ya mtumba hali kadhalika, ibadilishiwe mkanda ikiwa bado iko chini, wakati kila boliti inafikika.

Kilomita hazina maana pia pale sili ya kranki au ya kamshafti inapovuja. Oili inaula mpira. Kuweka mkanda mpya juu ya sili inayovuja ni kutupa fedha. Na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara yetu ya Dar es Salaam huku Kilwa, magari mengi yalipita kwenye maji na tope. Gari lililopita humo likiwa halina kava la chini lifunguliwe: mchanga uliokaa kwenye pulii unatosha kuusaga mkanda.

Kwa mafundi nina ombi moja. Ukishapanga alama, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha tazama alama tena, ya kranki, ya kamshafti na ya pampu. Zisiporudi mahali pake, umelikuta kosa kabla stata haijaligeuza kuwa valvu zilizopinda. Tenshena na aidola nazo zibadilishwe pamoja, maana beringi ikikwama inaukata hata mkanda wa jana. Kisha andika kwenye kava, kwa rangi isiyofutika: tarehe, kilomita, na jina la aliyefunga.

Baada ya chai tutatoka nje. Mshiriki mmoja ameruhusu tufungue Hiace yake ya 5L iliyopo chini ya mwembe. Mita yake inasoma 214,000. Asubuhi tulifungua switchi pamoja, taa zote zikawaka isipokuwa ya T-BELT.