Kupanda na Kubaki: Mafunzo ya Msimu Mmoja wa Ligi Kuu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, kabla ya wajumbe kujadili matumizi ya mfuko wa michezo.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wetu, kaka zangu mliotutangulia katika shule hii, nanyi wadogo zetu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimetutosha sisi wazee tu:

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya michezo na maisha. Mada hiyo ni pana kama uwanja usiochorwa mistari, kwa hiyo naomba ruhusa yenu niipunguze. Nitazungumza juu ya msimu mmoja tu wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ule ulioanza Agosti 2013 na kumalizika Aprili 2014. Mimi ni mtumishi wa serikali za mitaa, na kazi yangu ni mipango na bajeti. Nimeuchagua msimu huo kwa kuwa ndani yake ilikuwamo timu ya halmashauri, na kwa kuwa unatupa fundisho juu ya uamuzi tutakaoufanya mchana huu.

Ninyi wanafunzi, msimu ule ulipochezwa wengine wenu mlikuwa bado mkibebwa mgongoni. Basi niwaeleze hali ilivyokuwa. Timu zilikuwa 14, na kila moja ilicheza michezo 26. Tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipotwaa ubingwa wa mwaka 2000, kombe lilikuwa halijatoka mikononi mwa Simba na Yanga. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshaingia sekondari bila kumwona bingwa mwingine. Watu walikwisha kuzoea kwamba timu nyingine zote ni wasindikizaji.

Timu 3 zilikuwa zimepanda daraja: Ashanti United ya Dar es Salaam, Rhino Rangers ya Tabora na Mbeya City. Zilipita mlango mmoja na kukutana na wapinzani wale wale. Msimu ulipokwisha, Ashanti na Rhino zilirudi zilikotoka, pamoja na JKT Oljoro ya Arusha. Mbeya City ilimaliza ya 3, juu ya Simba, ambayo ilikuwa ya 4. Naona baadhi ya wazee hapa mbele wameinamisha vichwa. Nawaomba radhi, lakini historia haina ushabiki.

Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 na kumilikiwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Ninyi mliofanya kazi katika halmashauri mnajua maana yake. Fedha za halmashauri hazitoki mfukoni mwa tajiri aliyefurahi baada ya ushindi. Hupangwa, hupelekwa mbele ya Baraza la Madiwani, hupigiwa kelele, na kila shilingi ya mpira hushindana na shilingi ya zahanati na ya dawati. Timu ya namna hiyo haina budi kutafuta watu wake karibu na nyumbani. Mwalimu wao alikuwa Mtanzania, Juma Mwambusi. Wachezaji kama Deus Kaseke na Mwagane Yeya hawakuwa na majina makubwa nchini msimu ulipoanza, lakini walikuwa nayo ulipokwisha. Na washabiki wao walipanda mabasi kuifuata timu safari za siku nzima.

Katika mzunguko wa kwanza Mbeya City haikufungwa hata mara moja. Mwezi Septemba ilikwenda Dar es Salaam ikatoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Simba. Mwezi Novemba ilikwenda Chamazi, nyumbani kwa Azam, ikatoka sare ya 3 kwa 3. Nusu ya msimu ilipokamilika Yanga ilikuwa na pointi 28, Azam 27 na Mbeya City 27. Hebu fikirini: timu iliyopanda miezi michache kabla ilikuwa nyuma ya kiongozi kwa pointi 1.

Sitaki mdhani kwamba wakongwe walikuwa wamelala. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa mabao 3 kwa 0 dhidi ya Simba. Waliotoka uwanjani mapema kwa furaha, na waliotoka kwa uchungu, wote walikosa kuona Simba ikirudisha mabao yote 3. Lakini wakati watani hao wakisimuliana habari za siku ile moja, Azam ilikuwa ikikusanya pointi zake kimya kimya, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Azam ilianza kama timu ya wafanyakazi wa makampuni ya Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008. Fedha ilikuwa nazo, hilo hatulikatai. Lakini fedha zile zilijenga uwanja wa Chamazi na kulea vijana, na hata hivyo ubingwa haukuja mwaka wa kwanza wala wa tatu. Ulikuja msimu wa 6. Hata kocha Stewart Hall alipoondoka mzunguko wa kwanza ulipokwisha, na Joseph Omog wa Cameroon akachukua nafasi yake, timu haikuyumba.

Tarehe 13 Aprili 2014 Azam ilikwenda Uwanja wa Sokoine, Mbeya, kucheza na Mbeya City hao hao. Gaudence Mwaikimba alifunga, Mwagane Yeya akasawazisha, na John Bocco akafunga bao la ushindi. Matokeo yakawa 2 kwa 1, na ubingwa ukapatikana mchezo mmoja kabla ya ligi kumalizika. Azam ilimaliza na pointi 62 bila kufungwa msimu mzima; ilishinda michezo 18 na kutoka sare 8.

Ndugu zangu, kama ningeishia hapo mngepiga makofi na kwenda kula. Lakini mtu wa bajeti hufundishwa kutazama mwaka wa pili. Mkoa wa Mbeya ulikuwa umeshaona jambo kama hili zamani. Tukuyu Stars ilipanda daraja, ikatwaa ubingwa wa 1986 katika msimu wake wa kwanza, na mwaka uliofuata ikashuka. Wazee wa Rungwe wanausimulia ubingwa ule hadi leo, nao wana haki. Lakini furaha ile haikudumu hata misimu miwili.

Mbeya City haikuanguka kwa haraka namna ile. Ilikaa Ligi Kuu misimu 10. Hata hivyo majina yaliyochomoza yaliitwa na wakubwa: mwaka 2015 Kaseke alikwenda Yanga, na mwaka huo huo Mwambusi naye akaenda huko. Haikuingia tena katika 3 bora, na mwaka 2023 ilishuka baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika michezo ya mchujo. Haikuvunjwa. Ilirudi chini ikacheza, na mwaka 2025 ikapanda tena. Kwangu mimi kurudi kule ni jambo kubwa kuliko ile nafasi ya 3, kwa sababu kunaonyesha kwamba msingi ulikuwapo hata wachezaji hodari walipokwisha kuondoka.

Sasa nije kwetu. Mbele ya mkutano huu kuna mapendekezo mawili. La kwanza linataka fedha zote za mfuko wa michezo zitumike mwaka huu kununua jezi na viatu vipya na kukodi kocha, ili shule yetu iwike katika UMISSETA. La pili linataka fedha hizo zigawanywe kwa miaka 5: kusawazisha uwanja ambao mvua imeuchimba upande wa goli la magharibi, kumpeleka mwalimu mmoja kila mwaka kwenye mafunzo ya ukocha, na kununua mipira ya kutosha madarasa yote.

Wanaotaka pendekezo la kwanza ni rafiki zangu, na hoja yao ina uzito. Kijana wa kidato cha nne hana miaka 5 ya kusubiri. Zamu yake ni mwaka huu. Pia ushindi mmoja unaweza kuwaamsha wanafunzi wa zamani wengi wakachanga zaidi. Yote hayo ni kweli. Lakini jezi huchakaa, na kocha wa kukodi huondoka na filimbi yake. Uwanja uliosawazishwa utachezewa na watoto ambao bado hawajazaliwa, na mwalimu aliyefundishwa atawafundisha wengine. Kura yangu naipa pendekezo la pili, na nawasihi nanyi mfanye hivyo. Kwa ajili ya kijana wa kidato cha nne, naomba tuchange hapa hapa leo, nje ya mfuko, tumpatie viatu.

Kwenu wadogo zetu nina neno fupi. Mtakutana na vijana kutoka shule zenye majina makubwa, katika mpira na katika mitihani. Jina halifungi bao. Ila mkishawafikia, jiulizeni mtafanya nini mwaka unaofuata, kwa maana huo ndio utakaoonyesha mlichojenga.