Mtoto akigomea ziwa ghafla



Mwezi uliopita mama mumoja aliyerudi kutoka Nyarugusu aliniambia: «Mtoto wangu wa miezi 9 amekataa ziwa siku mbili. Mama mukwe anasema maziwa yameharibika, nimuachishe.»

Hapana. Maziwa hayaharibiki ndani ya ziwa. Mtoto wa chini ya mwaka moja, kwa kawaida, haachi kwa siku moja, anagoma tu. Tafuta sababu: meno yanaota? Ana vidonda mdomoni? Pua imeziba? Sikio linauma? Ulibadilisha sabuni? Unashinda shambani?

Usimlazimishe, wala usimtie njaa ili akubali. Umbebe kifua kwa kifua, ujaribu akiwa na usingizi, mahali pa kimya. Maziwa uyakamue kwa mkono kila saa mbili ao tatu, umpe kwa kikombe safi, si kwa biberoni. Wababa, mupokee jembe siku hizo.

Mara nyingi inaisha kisha siku chache. Lakini akiwa na homa, akilegea ao mkojo ukipunguka, mumpeleke kituo cha afya siku ile ile.

Yule mama? Usiku wa nne mtoto alinyonya, macho yamefungwa.