Waliookoka na Kazi ya Kusema Kweli



Tumeulizwa mara nyingi: hawa waliookoka walikuwa upande gani katika siku za ukoloni? Wako wanaosema kwamba walikuwa vibaraka wa wamisionari. Wako wanaosema kwamba walitazama mbinguni tu, nchi wakaisahau. Sisi twaona majibu yote mawili ni mepesi mno. Basi na tuitazame habari yenyewe.

Mwezi wa Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, wa hospitali ya misheni ya Gahini katika Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, maana njaa kuu ilikuwa imeipiga Rwanda. Juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Wakakaa wakisoma Biblia na kuomba pamoja, wote wawili wakikiri kwamba wamepungukiwa. Ndugu, tusipite hapo upesi. Siku zile Mwafrika alimvulia Mzungu kofia njiani. Hawa wawili walipiga magoti sawasawa.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Alifariki Januari 1936, angali kijana, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Ukaingia Kigezi na Ankole, ukaenda Burundi, na tangu 1937 ukafika Kenya. Kadhalika ukavuka mpaka kuingia Buhaya, Tanganyika. Waliouchukua hasa walikuwa Waafrika: walimu, wauguzi, wakulima na wake zao. Hawakulipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Desturi yao ilikuwa moja. Walikutana, kila mtu akasimama na kutaja kosa lake mwenyewe, si la jirani. Aliyeiba alirudisha. Mwanamke alisimama akasema mbele ya wanaume, nao wakasikiliza. Mmisionari naye aliambiwa machoni kwamba kiburi cha rangi ni dhambi na atubu. Hiyo waliita kutembea katika nuru.

Wakubwa wa kanisa hawakupenda wote. Mwaka 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono, wanafunzi waliamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri. Mkuu wa chuo akawakataza. Wao wakashika msimamo, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Hata hivyo hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani, wakazidi kusema.

Sasa twafika penye uchungu. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari katika Kenya, Oktoba 1952, wengi wa waliookoka katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Lakini wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali, nayo serikali ikawashuku. Sisi twasema wazi kwamba madai ya ardhi yalikuwa ya haki. Lakini mtu anayekataa kiapo huku na bunduki kule, hali akijua atakayoyapata, hawezi kuitwa kibaraka.

Tena tuseme na upungufu wao. Walimfundisha mtu kurudisha kuku aliyemwiba. Hawakuuliza sana ni nani atakayerudisha shamba lililochukuliwa kwa sheria. Mwizi mmoja aweza kutubu jioni moja. Sheria mbaya haitubu, huondolewa na watu waliokusanyika. Na Rwanda yenyewe, kulikoanzia uamsho, ilikuja kuona mwaka 1994 watu wakiuawa hata ndani ya makanisa waliyokimbilia. Toba ya mmoja mmoja haikuweza kuzuia chuki iliyopangwa na wenye mamlaka.

Hata hivyo deni tunalo. Mwaka 1955, huko Namirembe, Yohana Omari wa Tanganyika na Obadiah Kariuki wa Kenya, wote wawili watu wa uamsho, waliwekwa kuwa maaskofu. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 kwa kuusema ukweli mbele ya Idi Amin. Watu wa namna hii hawaokotwi njiani. Walikuwa wamezoea miaka mingi kusema kweli katika vikutano vidogo, mbele ya majirani wanaowajua.

Basi, ndugu, tusiwacheke. Tuchukue walichokuwa nacho, tuongeze walichokosa. Anayeshika fedha za tawi asimame mbele ya wanachama, aseme kilichoingia, kilichotoka, na kilichopotea mkononi mwake. Kiongozi akikosea, mwanachama wa mwisho amwambie usoni, wala asiogope. Tukishindwa kuambiana kweli sisi kwa sisi chini ya mwembe huu, tutaziambiaje kweli serikali?