SHAURI KUBWA LATAKA WATU WATATU

(Maneno yaliyosemwa na karani wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Lubondja)



Mimi si hakimu wala avoka. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kupima dhahabu na kuandika. Lakini juma lililopita, tulipokuwa tukingoja mshahara, mwenzetu mmoja aliniuliza: "Bwana Karani, mtu ambaye sote twajua ametenda uovu, apewe avoka wa nini?" Wengi walicheka. Mimi sikuwa na jibu siku ile. Leo nimekuja nalo.

Tuanze hapa kwetu. Tarehe 1 Januari 2011, siku ya mwaka mpya, ugomvi ulitokea mjini Fizi kati ya askari mmoja na raia, na umati ukamwua yule askari. Usiku wenzake waliingia mjini kulipiza kisasi. Walipiga watu, walipora nyumba, waliwanajisi wanawake wengi. Wanawake wale hawakumwua mtu yeyote. Walilipishwa deni lisilo lao.

Zamani habari kama hiyo ingeishia katika kilio. Safari hii tribinali ya kijeshi ilitoka Bukavu, ikaja kuketi Baraka, kwa msaada wa mashirika ya nje. Haki ndiyo iliyofunga safari ikawafuata wenye kudhulumiwa. Wanawake 49 walitoa ushuhuda. Tarehe 21 Februari 2011, siku 51 baada ya usiku ule, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa makosa juu ya ubinadamu. Maofisa wake watatu walipata miaka hiyo hiyo, na askari wengine wakapata vifungo vifupi zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza mashariki ya Kongo komanda wa cheo chake kuhukumiwa kwa jambo la namna hii.

Sasa sikilizeni neno ambalo watu hawalikumbuki. Kibibi alikana mashtaka, naye alikuwa na avoka wa kumtetea. Akina mama nao walikuwa na avoka wao. Na katika washtakiwa wale, mmoja alionekana hana hatia, akaachiliwa. Kama shauri lile lingalikatwa na sisi pale sokoni, je, mtu yule angaliachiliwa? Jibuni wenyewe moyoni.

Ndugu zangu, nitawaambia aibu yangu mwenyewe. Siku moja, katika kampuni niliyoifanyia kazi zamani, gramu 12 za dhahabu zilikosekana. Mchukuzi mmoja alikuwa ameonekana karibu na mlango. Wote walisema ni yeye, na mimi nikachukua kalamu nikaandika jina lake katika kitabu: mwizi. Akafukuzwa kazi. Siku ya tatu nilirudia hesabu, nikakuta kosa ni langu. Nilikuwa nimeandika mzigo mmoja mara mbili. Nilikwenda kumtafuta, nikakuta amekwisha kuhama na watoto wake. Hakuwa na mtu wa kusema neno moja tu: "Bwana Karani, pima tena." Avoka ndiye mtu huyo. Hasemi uovu ni mwema. Asema pima tena.

Wengine watasema hayo ni makosa ya karani mdogo, mahakimu hawakosei. Twendeni Bukavu. Tarehe 13 Juni 2007 Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, alipigwa risasi akafa. Alikuwa pamoja na rafiki zake wawili. Mji mzima ulilia na kutaka wauaji wapatikane upesi. Mwezi wa Agosti tribinali ya kijeshi iliwahukumu rafiki zake hao wawili kufa, kwa maneno ya watu wawili waliojitaja kuwa wauaji. Baadaye watu hao waliyakana maneno yao, wakasema walihongwa wayaseme. Maavoka na watetezi wa haki waliofuata shauri lile walipata vitisho vya kuuawa, lakini hawakunyamaza. Mwezi wa Mei 2008, katika rufani, marafiki wale wawili waliachiliwa. Twasema haraka haraka haina baraka. Sisi wa nchi hii tungepaswa kulijua neno hilo kuliko wengine, maana Baraka ni mji wetu!

Basi shauri kubwa lataka watu watatu, na kila mmoja ashike kazi yake. Hakimu asisikilize kelele za umati wala simu ya mkubwa; Katiba yetu ya 2006 yasema hakimu yu chini ya sheria tu. Avoka amtetee hata mtu anayechukiwa. Katiba hiyo hiyo yampa kila mtu haki ya kutetewa. Mwandishi wa habari aandike alichokiona, asimwite mtu mwuaji kabla ya hukumu, wala asitoe jina la mama aliyenajisiwa. Mmoja akiacha kazi yake, wale wawili hawawezi kuibeba peke yao. Na kazi hiyo ina hatari: Novemba 2008 Didace Namujimbo, naye wa Radio Okapi, aliuawa pale pale Bukavu.

Lakini watatu hao hawana kitu bila sisi. Bila wanawake 49 hakimu angalirudi Bukavu mikono mitupu. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mwizi akikamatwa machimboni, msimchome wala msimpige. Mpelekeni mbele ya sheria. Kumbukeni jinsi mambo ya Fizi yalivyoanza. Mama aliyeonewa akitoa ushuhuda, asichekwe kisimani wala asifukuzwe na mumewe. Na tribinali ikija karibu, milango ikiwa wazi, nendeni mkaketi, mkasikilize mpaka mwisho.

Tena tusiache kudai. Katika nchi yetu, fidia ambazo mahakama huwapa watu walionajisiwa mara nyingi zimebaki katika karatasi. Mimi karani najua: deni lililoandikwa bila kulipwa bado ni deni, na kitabu chake hakifungwi.

Yule aliyeniuliza juma lililopita namwona ameketi pale nyuma. Ndugu, jibu langu ndilo hilo. Avoka si wa mtu mbaya peke yake. Ni wa yule mchukuzi wangu, na siku moja atakuwa wako.