Kumdhamini Aliyevunjika Moyo: Mada kwa Viongozi wa Makanisa ya Shieywe



Mmeniomba nizungumzie kutiana moyo kama tunda la imani. Nina hoja moja: katika Agano Jipya, anayemtia mwenzake moyo hujitwika sehemu ya mzigo wake. Maneno hufuata nyuma.

Mtazameni Barnaba. Katika Matendo 9, Sauli anafika Yerusalemu na wanafunzi wanamkimbia, kwa sababu nzuri kabisa: ni juzi tu alikuwa akiwakokota wenzao gerezani. Barnaba anamchukua, anampeleka kwa mitume, anasimulia jinsi Bwana alivyokutana naye njiani. Kama Sauli angegeuka msaliti, Barnaba ndiye angeulizwa. Alimdhamini kwa jina lake mwenyewe. Baadaye anafunga safari hadi Tarso kumtafuta. Kisha, katika sura ya 15, anagombana na huyo huyo Sauli, ambaye sasa anaitwa Paulo, kwa ajili ya kijana Marko aliyewahi kuwaacha safarini. Ugomvi ukawa mkali hata wakatengana. Nashukuru kwamba Maandiko hayakuuficha ugomvi huo. Miaka ilipita, na katika 2 Timotheo 4:11 Paulo anaagiza aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi.

Sasa tuje kwetu. Shieywe ni wadi ya mjini Kakamega, katika eneo bunge la Lurambi. Wengi wetu ni wapangaji. Ukoo umebaki mashambani, na mtu aweza kukata tamaa ploti hii hii unayoishi wewe usijue.

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2020, watoto wapatao 14 walikufa katika mkanyagano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega. Msiba wa namna hiyo ukitokea, sisi waumini huwa wepesi wa kusema kwamba Mungu amechuma ua lake. Mzazi anasikia kwamba Mungu ndiye aliyemnyang'anya mwanawe. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, kimya. Walianza kukosea walipofungua midomo. Aliyefiwa anamhitaji mtu wa kubisha hodi mwezi wa nne baada ya msiba, matanga yamekwisha, turubai zimerudishwa na simu hazilii tena.

Lakini ninalotaka tulishughulikie zaidi ni la msichana aliyejifungua akiwa shuleni. Tangu mwaka 1994 sera ya elimu ya Kenya inamruhusu kurudi darasani. Ruhusa anayo, kinachomshinda ni kuvuka lango la shule huku macho yote yakimwangalia, na kanisani ameshaondolewa kwenye kwaya. Kumwambia "jipe moyo, Mungu yupo" na kwenda zako ni kumwacha alipo. Mama mmoja wa kanisa na aende naye hadi ofisi ya mwalimu mkuu, aketi kando yake, aseme: huyu ni binti yetu, likitokea jambo niiteni mimi. Halafu lije swali gumu zaidi: mtoto atabaki na nani kuanzia asubuhi hadi jioni?

Najua wako wazee wanaohofu kwamba kufanya hivyo ni kubariki dhambi. Hofu hiyo naiheshimu. Ila Barnaba hakuwaambia mitume kwamba Sauli hakukosa. Aliwaeleza Bwana amemtendea nini. Toba ya binti ni kati yake na Mungu na wale wanaomlea kiroho, na masomo yake hayapaswi kungoja hadi sisi turidhike.

Napendekeza basi kwamba mwezi wa Novemba, kabla muhula wa kwanza haujafunguliwa Januari, kila jumuiya na kila ushirika wa akina mama uwatembelee mabinti hawa nyumbani kwao, kwa faragha, majina yao yasitajwe madhabahuni. Kila mmoja apate mdhamini wake. Na fedha za sare na za mlezi wa mtoto zitengwe katika bajeti ya kanisa kabla ya zile za vipaza sauti vipya.