Mgonjwa Mpya wa Sukari na Sahani ya Nyangwe

Mtu akipimwa asubuhi kabla hajala, tone la damu likatoa 126 mg/dl au zaidi, na siku nyingine likarudia hivyo hivyo, huandikwa kuwa ana ugonjwa wa sukari. Mada hii, iliyoandaliwa kwa wauguzi wa vituo vya afya na Reko (wahudumu wa afya wa jamii) wa vijiji vya Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, inahusu kinachofuata: mtu huyo akirudi nyumbani atakula nini? Vipeperushi vingi vinavyogawiwa Afrika vimenakiliwa kutoka Ulaya. Vinaagiza tufaha, mkate wa ngano isiyokobolewa na maziwa yaliyoondolewa mafuta. Mama wa Nyangwe akisomewa orodha hiyo ataitikia kwa adabu, kisha ataendelea na wali wake. Nani atamlaumu?

Wali huo una mizizi hapa. Mpunga uliingia Maniema katika karne ya 19 na watu wa pwani, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, ukakubaliana na ardhi. Msafiri Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa kando ya mto Lualaba, limejaa wanawake wenye samaki, mihogo na mawese. Chakula kinachomfaa mgonjwa hakihitaji kuagizwa mbali: samaki wa mto, ndagala, maharagi, karanga, sombe, lenga-lenga na matembele vyote vinajulikana. Kasoro iko kwenye kipimo. Wali au ugali hujaa sahani, na kitoweo hupakuliwa kidogo tu cha kuteremshia tonge. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, na mwili huugeuza kuwa sukari upesi.

Basi sahani igeuzwe. Nusu yake iwe mboga za majani, robo samaki au maharagi, robo iliyobaki wali au ugali usiozidi ngumi ya mlaji mwenyewe. Aanze na mboga na samaki, wanga aumalizie. Utaratibu huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula. Ugumu unakuja pale watu wanapokula pamoja kwenye sinia, kwa sababu hakuna ajuaye amemega matonge mangapi. Mgonjwa apakuliwe pembeni, na nyumba nzima ielezwe sababu, asije akaonekana ametengwa au ana kiburi.

Mawese hayakatazwi, lakini kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na sombe ya karamu huogelea ndani yake. Chai inywewe bila sukari. Soda ndiyo ya kuachwa kabisa: mililita 330 hubeba takriban gramu 35 za sukari, na hakuna chakula kingine mezani kinachofanya madhara mengi hivyo kwa faida ndogo hivyo. Nanasi na embe? Kipande, ndiyo. Juisi, hapana.

Mgonjwa mpya asicheleweshe kugeuza sahani, na sababu ipo. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa DiRECT, uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza kwa wagonjwa wanene waliogunduliwa katika miaka 6 iliyotangulia. Walipewa chakula cha kalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi, na dawa zao za sukari zikasimamishwa. Baada ya mwaka, 46 kati ya kila 100 hawakuwa tena katika kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Baada ya miaka 2 walibaki 36. Uzito ukirudi, sukari nayo hurudi; kwa hiyo neno "amepona" litumike kwa tahadhari.

Lakini utafiti huo usipelekwe kwa kila mtu. Si kila mgonjwa wa sukari huku ni mnene. Aliyekonda, anayezidi kukonda, anakojoa usiku kucha na kiu haimwishi, huenda anahitaji insulini, na kumwambia apunguze chakula ni kumdhuru. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari kinachohusishwa na utapiamlo, likakiita aina ya 5. Mizani, basi, itangulie ushauri. Aliyekonda apelekwe hospitali kuu.

Kuhusu mazoezi, mkulima anayelima tangu alfajiri hahitaji kuhubiriwa. Wanaohitaji ni mwalimu, mwenye duka, mwendesha pikipiki na abiria wake. Dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki zinatosha kuanzia, na dakika 15 mara baada ya chakula cha jioni zina faida ya pekee, kwani misuli huvuta sukari kutoka kwenye damu wakati huohuo.

Ramadhani inadai maneno yake, maana Waislamu ni wengi Nyangwe na Kasongo. Anayetumia lishe peke yake au metformini kwa kawaida anaweza kufunga akishauriwa kabla ya mwezi kuandama. Anayetumia glibenklamidi yuko hatarini, kwa sababu dawa hiyo hushusha sukari hata tumboni kukiwa kutupu. Sukari ikishuka chini ya 70 mg/dl au ikipita 300, mfungaji afungue papo hapo. Hapa sauti ya shehe inasikika kuliko ya muuguzi, na wawili hao wangefaa kukaa pamoja mapema.

Mitishamba isigombaniwe bure. Kinachokataliwa ni kuacha dawa kwa ajili yake.

Wauguzi wanaombwa jambo moja kabla ya kutoa katazo lolote: wamuulize mgonjwa alikula nini jana, asubuhi hadi usiku, waandike. Kisha wampime uzito na presha, wamvue viatu wakague nyayo, na wampangie tarehe ya kurudi kabla ya mwezi kwisha.