Mgodi wa Mdachi: Hazina na Matembezi ya Majira ya Baridi katika Jangwa la Arizona

Jioni hii twataka kuzungumza habari za watu waendao jangwani kutafuta mali iliyofichwa, na tumechagua jangwa la kusini-magharibi ya Marekani, hasa nchi ya Arizona. Msikilizaji wa Tabora au wa Tanga asidhani ya kuwa habari hizi hazimhusu. Ni nani kati yetu asiyepata kusikia kwamba Wadachi, walipokuwa wakirudi nyuma katika vita ya 1914 hata 1918, walizika rupia zao chini ya mbuyu fulani, na kwamba yuko mzee aijuaye alama? Watu wangali wakichimba. Basi na tuone wenzetu wa ng'ambo walivyoilea hadithi ya namna hiyo hiyo, na jinsi ilivyowagharimu.

Kwanza tuieleze nchi yenyewe. Jangwa lile si mchanga mtupu, kama wengi wafikirivyo walisikiapo neno hili. Ni nchi ya mawe na changarawe, yenye milima mikali, makorongo makavu, na mimea ya miiba ya kila namna. Mfalme wa mimea hiyo ni saguaro, jamaa ya dungusi, asimamaye kama nguzo hata kufikia mita 12. Huishi miaka 150 na kupita, na mara nyingi hatoi tawi la kwanza kabla hajatimiza miaka 50. Kwa hiyo sheria ya Arizona yamlinda. Kiangazi cha huko chatisha. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika digrii 43 za Sentigredi au kuzidi. Lakini toka Novemba hata Machi mambo hugeuka kabisa: mchana huwa digrii kama 20, nyoka wengi wamejificha mashimoni, na usiku baridi huweza kugandisha maji kwenye ndoo. Wakati watu wa pwani yetu watokwapo na jasho la kaskazi, huko ndiyo majira ya kutembea.

Ndipo wafikapo wageni. Wengi ni wazee waliokwisha staafu, wanaokimbia theluji ya kaskazini na ya Kanada, nao huja na magari makubwa yenye kitanda na jiko ndani yake. Kijiji kimoja kiitwacho Quartzsite, ambacho wakati wa kiangazi hakina watu ila wachache, katika Januari na Februari hugeuka kuwa mji wa magari, na soko la mawe ya thamani hufunguliwa huko. Wageni hawa husaka akiki, yaspi na feruzi; wengine husaka dhahabu. Maji ya kuoshea mchanga hayapo, kwa hiyo wachimbaji wa zamani walibuni njia ya kuosha kwa upepo, nayo yatumika hata leo. Mchanga humwagwa juu ya ubao wa mshazari wenye vizuizi, na mvukuto hupuliza kutoka chini. Vumbi huruka, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, husalia nyuma ya vizuizi. Mwanamke yeyote wa kwetu apepetaye mpunga katika ungo angeielewa kazi hii bila kufundishwa.

Katika makaburi ya Quartzsite hiyo pana piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake. Aliyelala chini yake Wamarekani humwita Hi Jolly, na jina hilo latuchekesha kidogo, kwa kuwa mtu huyu alikuwa Haji Ali, mwana wa dola ya Waturuki. Aliletwa Marekani katika miaka ya 1850 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu kwa kuchukua mizigo jangwani. Jaribio lile lilikufa, naye akabaki, akawa mtafuta madini, akafa mwaka 1902.

Sasa tuje kwenye hadithi yenyewe. Mashariki ya Phoenix iko milima iitwayo Superstition, yaani milima ya Ushirikina, na humo, yasemekana, umo mgodi wa dhahabu uitwao Mgodi wa Mdachi Uliopotea. Mdachi huyo ni mtu wa kweli, jina lake Jacob Waltz. Alizaliwa Ujerumani, akaja kulima karibu na mto Salt palipo leo mji wa Phoenix. Mapema mwaka 1891 mto ulifurika, ukaharibu makao yake. Akaugua, na tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo akafa katika nyumba ya Julia Thomas, mwanamke mwenye duka la mikate aliyekuwa akimwuguza. Hayo yajulikana. Yasemwayo ni kwamba chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la mawe yenye dhahabu nyingi, na kwamba kabla ya kukata roho alieleza njia ya kuufikia mgodi.

Julia Thomas aliyaamini maneno hayo. Katika kiangazi cha 1892 alikwenda milimani pamoja na wenzake wawili, wasipate kitu. Tangu hapo maelfu ya watu wamefuata nyayo zake.

Sisi tufundishao walimu hatupendi kuidharau hadithi kwa kuwa ni hadithi tu. Twapenda kuipima. Yatajwa sana kwamba jabali refu la milima ile, liitwalo Sindano ya Weaver, hutupa kivuli chake saa kumi alasiri mahali penye mgodi. Maneno haya yavutia sana, illa mtoto wa shule aliyepigilia kijiti uwanjani akapima kivuli chake angeuliza mara moja: saa kumi ya mwezi gani? Kivuli cha Desemba hakiangukii pale kiangukiapo kivuli cha Juni. Tena wajuao miamba wasema kwamba milima ile yafanywa na majivu na ujiji wa volkano za zamani sana, miaka zaidi ya milioni 15 iliyopita, na miamba ya namna ile si mahali pa kutumainia dhahabu. Walakini haki isemwe yote: chini ya milima, upande wa magharibi, pahali paitwapo Goldfield, dhahabu ya kweli ilichimbwa katika miaka ya 1890. Huenda ndiyo sababu hadithi haifi. Uongo mtupu hauishi miaka mia na thelathini. Hutaka punje ya kweli ya kushikia.

Lakini waliokufa hawakuuawa na hadithi peke yake. Tazameni miezi. Mwezi wa Juni 1931, mzee mmoja wa Washington, Adolph Ruth, aliyekuwa akichechemea mguu, aliingia milimani na ramani zake. Desemba fuvu la kichwa chake likaonekana, nalo lilikuwa na matundu. Wengine walisema amepigwa risasi, wengine wakakataa, na magazeti yaliyoandika habari hiyo yaliwavuta wasakaji wengi kuliko walivyowafukuza. Julai 2010 watu watatu wa Utah waliingia kuutafuta mgodi huo huo katika joto kali, na mifupa yao ilipatikana Januari 2011. Njia zile zile, mwezi wa Januari, hupitwa na babu na wajukuu wakila machungwa. Kanuni ya huko ni kila mtu achukue lita nne za maji kwa siku moja, aache habari kwa mwenziwe ya njia atakayoishika, wala asiingie katika shimo la mgodi wa kale, kwa maana nguzo zake zimeoza na hewa yake yaweza kuua. Na anywe maji yake, asiyahifadhi: wengine wamekufa wakiwa na chupa yenye maji.

Tena yako mambo ya sheria. Milima ya Superstition ni hifadhi ya serikali, na toka mwaka 1984 hairuhusiwi kuanzisha machimbo mapya ndani yake. Atafutaye hazina iliyozikwa sharti kwanza apate kibali. Sheria ya mwaka 1979 yakataza kuchukua katika ardhi ya serikali vyungu, vichwa vya mishale na vitu vingine vya watu wa kale vilivyotimiza miaka 100, na sheria hii twaiona kuwa ya haki kabisa, kwani nchi ile haikuwa tupu Waltz alipofika. Ni nchi ya Waapache na ya Waakimel O'odham, na milima ile ni mitakatifu kwao.

Mawe ya kawaida ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi za ardhi ya serikali, mtu aweza kujiokotea kwa matumizi yake ratili 25 za miti iliyogeuka mawe, na kipande kimoja zaidi, kwa siku moja, ila kwa mwaka asipite ratili 250. Lakini kaskazini ya Arizona iko hifadhi ya Petrified Forest, yenye magogo ya miaka zaidi ya milioni 200 ambayo yamekuwa mawe yenye rangi nyekundu, manjano na zambarau, na huko hata kijiwe hakichukuliwi. Wako waliochukua kwa siri. Kisha, baada ya miezi au miaka, wengine huvirudisha vipande hivyo kwa posta, pamoja na barua za kuungama, wakieleza kwamba tangu siku ile gari limeharibika, au kazi imepotea, au mke ameugua. Barua hizo hutunzwa. Mawe yenyewe hayawezi kurudishwa mahali pake, kwa kuwa hakuna ajuaye yalitoka wapi, na kuyaweka popote kungewapotosha wataalamu. Kwa hiyo hutupwa katika chungu moja kando ya barabara, ndani ya hifadhi, na chungu hiyo yaendelea kukua.